Mlalo 9: herufi saba, ya tano ni A, ya mwisho ni A. Supu ni ya nani?

MamaSupu wa Mtumba

Mbukwenyi. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za kutwa.

Nina banda la chakula Mtumba, jirani na Mji wa Serikali. Wateja wangu ni madereva wa wizara, walinzi, wahudumu wa ofisi, na mabosi wachache ambao hutuma mtu awachukulie supu kwenye chupa ya chai. Kila Ijumaa nachora chemshabongo ya vyumba, kijana wa stesheneri ananitolea nakala, na anayeagiza chai anapewa karatasi yake. Wa kwanza kujaza vyote sawasawa anakula supu na chapati mbili bila kulipa.

Safari hii mada ilikuwa moja: maneno ya mamlaka na nguvu. Nilijua itakuwa mteremko, maana hawa watu wanashinda ndani ya hayo maneno kuanzia asubuhi. Weee!

Mlalo 9 niliandika hivi: "Hupewa mtu na sheria ili aamue (7)". Kwenye herufi ya tano inashuka AMRI, kwenye ya saba inashuka AKIDA. Kwa hiyo mtu anabaki na _ _ _ _ A _ A. Jibu langu ni MAMLAKA.

Sasa dereva mmoja kaandika UTAWALA. Mlinzi wa zamu ya usiku kaandika DHAMANA, akanisimamia na kidole juu: "Mama, cheo ni dhamana." Kijana wa masjala kaandika MASHAKA, nilipomuuliza akasema ndicho ambacho sheria imempa yeye. Na yote yanaingia! Herufi saba, A ya tano, A ya saba. Wawili kati ya hao walimaliza kabla ya yule aliyeandika MAMLAKA, na wote wanne wanadai supu.

Kidokezo changu kiko sawa na sikibadilishi kwa kupigiwa kelele. Nataka hoja. Nani alipwe, na kwa nini?

La pili, Ijumaa ijayo naendelea na mada hiyohiyo, maana watu wameshapandwa na mori. Nina haya mkononi: MTEMI "Mfalme wa Wagogo", SIWA "Rungu la Bunge", AKIDA "Mtumishi wa Mjerumani", MUHURI "Bila huu barua ya mtendaji ni karatasi tu". La mwisho nalipenda. Hayo mengine naona yamelala. Nipeni vidokezo vyenye meno.

Tairi la Spea

UTAWALA ni mimi. Nilimaliza chai haijapoa na mashahidi ninao. Nasubiri supu yangu, kongoro lisipungue.

Karani Mstaafu

Mama, marahaba, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Nimekaa masjala tangu mafaili yakifungwa kwa kamba hadi yakaingia kwenye kompyuta. Haya maneno nimeyachapa mpaka vidole vikayajua.

Kipimo changu ni kuyabadilishia nafasi, uone nani atacheka. Tunasema uchu wa madaraka. Sema "uchu wa mamlaka", mtu atakuelewa lakini atakutazama mara mbili. Tunasema Mamlaka ya Mapato. Sema "Madaraka ya Mapato", hata aliyetoka kukadiriwa kodi atacheka. Hakimu anasema mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri. Hasemi haina madaraka, wala haina utawala. Mkurugenzi akisafiri anakasimu madaraka kwa msaidizi wake. Shuleni kuna jengo la utawala, hakuna jengo la madaraka.

Mamlaka ni haki ya kuamua ambayo sheria imeiweka mahali fulani, na baadaye jina likahamia hadi kwenye taasisi yenyewe. Madaraka yanakaa kwenye cheo: ukivuliwa cheo unayaacha mezani, anayekuja anayakuta. Utawala ni ile shughuli ya kuendesha nchi na watu, ndiyo maana una kipindi chake. Tunasema utawala wa Mjerumani, utawala wa Mwingereza, utawala wa awamu ya tano.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imeyapanga kwenye mstari mmoja. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Wangeona ni kitu kimoja wangeandika neno moja, waandishi wa sheria hawapotezi wino. Kisha nenda Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa nini haikusema kupeleka mamlaka? Mimi nasoma hivi: hayo wananchi wanayo tayari tangu Ibara ya 8. Kinachoshushwa kutoka juu ni kazi na nafasi ya kuzitekeleza.

Sisi wa Dodoma tumeishi na neno hili likiwa na herufi kubwa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, ilizaliwa mwaka 1973 uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipopita, ikavunjwa mwaka 2017 na shughuli zake zikaenda kwa halmashauri. Mwaka 2018 tukawa jiji. Leo kuna Mamlaka ya Maji, Mamlaka ya Mawasiliano, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Ukitaka kidokezo cha pembeni cha neno lilelile, weka "Kuna ya maji, kuna ya mapato (7)". Hapo UTAWALA na DHAMANA hayana pa kuingilia.

Hukumu yangu: MASHAKA aende zake. DHAMANA ina heshima yake, maana mwanachama wa TANU aliahidi kwamba cheo ni dhamana, na kwamba hatatumia cheo chake wala cha mtu mwingine kwa faida yake. Lakini hapo dhamana ni namna ya kukishika cheo, si kitu cha kuamulia. UTAWALA haupewi mtu mkononi. Supu ni ya MAMLAKA.

Tairi la Spea

Mzee umeandika waraka. Kumbukumbu namba umeisahau.

Wakili wa Kijiweni

Mzee Karani nakubaliana na hukumu, sababu moja naikataa. Waandishi wa sheria wanapoteza wino kila siku ya Mungu. "Haki na stahili", "batili na si halali", wanarundika mawili wasije wakabanwa na moja. Kwa hiyo "madaraka na mamlaka" kukaa pamoja hakuthibitishi kitu. Kile kipimo chako cha kubadilisha nafasi ndicho chenye nguvu.

Kuhusu DHAMANA, mlinzi asidharauliwe. Sheria inampa mtu dhamana kila siku, nenda mahakama ya mwanzo yoyote asubuhi ukaone ndugu waliosimama na barua za mtendaji. Ila inampa ili atoke. Mama ameandika "ili aamue". Hapo ndipo mlinzi alipodondoka. Kidokezo cha DHAMANA kiwe "Cheo ndiyo, mahabusu huililia (7)".

Mada yenyewe bado haijagusa tofauti iliyo kubwa kuliko zote, ya nguvu na mamlaka. Mgambo mwenye kirungu sokoni ana nguvu. Mamlaka anayo aliyemtuma, kama anayo. Chukua mfano wa mkuu wa wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani, lakini si zaidi ya saa 48, na awe na sababu ya kuamini mtu huyo atavunja amani. Yale masaa na ile sababu ndiyo ukuta. Ndani ya ukuta ni mamlaka. Akiruka ukuta, mlango wa mahabusu unafungwa kwa kufuli lilelile na mtu analala ndani vilevile, ila sasa ni nguvu tupu, na mahakama inaweza kumtoa.

NGUVU: "Mgambo anayo, hata asipotumwa (5)".

MamaSupu wa Mtumba

Wakili, "ili aamue" ndio mtego nilioutega na nimefurahi umeuona. Wateja wangu wanasoma nusu ya kidokezo, wanahesabu vyumba, wanaandika.

Hicho cha mgambo nakichukua. Nitakibandika mbali na barabara.

Mwalimu wa Mpwapwa

Mama, Mbukwa. Mimi ni mwalimu wa historia, nimestaafu, na ile "Mfalme wa Wagogo" imeninyima usingizi wa mchana.

Wagogo hawakuwa na mfalme. Walikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake, nyingine ndogo kiasi kwamba mtu aliyekula asubuhi kwa huyu angeweza kufika kwa mwingine kabla ya chakula cha jioni. Na mtemi wa hapa hakuwa mtu wa jeshi kubwa. Alikuwa mtu wa mvua na ardhi. Alishika mawe ya mvua, alibariki mbegu kabla watu hawajapanda, na mvua ikigoma macho yote yalimgeukia yeye. Hebu fikirini mamlaka ya namna hiyo katika Ugogo huu tunaoujua, ambako mvua yenyewe haina ahadi. Kwa hiyo kidokezo cha MTEMI kiwe "Mvua ikigoma Ugogo, alitazamwa yeye (5)". Usukuma na Unyamwezi nako watemi walikuwapo, wengine wenye nguvu kubwa zaidi, na makazi ya mtemi huko yaliitwa ikulu. Neno likasafiri hadi Dar es Salaam, sasa limerudi bara. IKULU: "Ya mtemi ilikuwa Unyamwezi, ya leo ipo Chamwino (5)".

Lakini nikuachie tamu kuliko hizo. HONGO.

Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na njia kuu ilipita hapa kwetu, Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo. Misafara ilifika imekauka. Maji yalikuwa ya watemi, nafaka ilikuwa ya watu wao. Mtemi akadai hongo: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Hukulipa, hukunywa, na huenda hukupita. Burton alilalamika, Stanley alilalamika zaidi, maana kila ukitoka kwa mtemi mmoja unaingia kwa mwingine na hesabu inaanza upya. Wazungu waliandika kana kwamba ni unyang'anyi. Ukisimama upande wa mtemi ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi yake na kuchota kisima chake, tena ulipangwa kwa mazungumzo marefu yenye wazee na mashahidi. Ni mamlaka halali kabisa kwa kipimo cha Mzee Karani: haki ya kuamua, mahali pake, na wote wanaijua.

Leo neno lilelile ukilitamka karibu na ofisi ya umma watu wanageuza shingo. Ada imebaki jina, aliyeitoza kihalali ameondoka, na sasa anaitoza asiye na haki nayo. Kidokezo: "Mtemi aliitoza kwa haki, TAKUKURU inamkamata anayeitoza leo (5)".

Upande wa AKIDA, "Mtumishi wa Mjerumani" ni legelege, hata mpishi wa boma alikuwa mtumishi wa Mjerumani. Akida kilikuwa cheo cha mwambao. Mjerumani akakichukua akakipeleka bara, akamweka akida juu ya vijiji vingi na chini yake majumbe, kila jumbe na kijiji chake. Liwali alikuwa juu yao katika miji. Mara nyingi akida alikuwa mgeni kwa watu aliowatoza kodi na kuwasimamia kwenye mashamba ya pamba, na vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 maakida walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukimbizwa. Andika "Juu ya jumbe, chini ya liwali (5)". Mwenye kujua ngazi atajibu, asiyejua atajifunza akisubiri supu.

Mwingereza akaja na mtindo mwingine. Chini ya Gavana Cameron, kuanzia mwaka 1926 machifu wakawekwa kwenye sheria, wakatawala kwa niaba yake. Watu wa Dodoma wanamkumbuka Mtemi Mazengo wa Mvumi, shule ya sekondari ikapewa jina lake, na majengo ya shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mwaka 1963 sheria ya machifu ikafutwa. Asubuhi moja mtemi anaamka hana mamlaka hata chembe, na bado wazee wanamwamkia kwa kuinama. Nendeni mkaitafutie hiyo neno la vyumba. Mimi ningesema HESHIMA (7), na mnaona haiingii kwenye ile Mlalo 9.

Adam Sapi Mkwawa alikuwa chifu wa Wahehe, na mwaka 1954 ndiye aliyekabidhiwa na Gavana Twining fuvu la babu yake Mkwawa lililokuwa Ujerumani. Mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge. Yeye alihama kutoka kiti kimoja kwenda kingine kabla cha kwanza hakijavunjwa.

Mpwani wa Nkuhungu

Mwalimu umemaliza kila kitu, nimebakiwa na siwa yangu tu.

"Rungu la Bunge" haifai, dada. Ni kweli siku ya kikao Mpambe wa Bunge anatangulia ameibeba begani na Spika anafuata nyuma, na kwa umbo inafanana na rungu. Lakini kwetu mwambao siwa ni baragumu, linapulizwa kwa tundu la ubavuni. Lamu ipo siwa ya shaba, Pate ilikuwapo ya pembe ya ndovu, na zote mbili ziko makumbusho ya Lamu. Ilipulizwa kwenye shughuli za watawala na harusi za nyumba kubwa. Mtu wa kawaida angezeeka kabla hajaipulizia mwanawe. Kwa hiyo mamlaka ya mwambao yalikuwa yanasikika, ya Dodoma yanabebwa kimya.

SIWA: "Lamu ilipulizwa, Bungeni inabebwa (4)".

Mwaka wa Tatu UDOM

Mama shikamoo. Samahanini wakuu naingilia mazungumzo ya wazee.

Kwanza kiufundi. Vyumba vyako vya Mlalo 9 vimekatizwa mara mbili tu na mara zote mbili ni A. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, na A ndiyo imejaa kuliko zote, kwa hiyo A mbili hazikulindi. Hata GHARAMA na HADHARA yanaingia hapo. Shusha neno kwenye herufi ya tatu. MTEMI litakaa vizuri: UTAWALA, DHAMANA na GHARAMA yana A hapo, MASHAKA lina S, HADHARA lina D. MAMLAKA peke yake ndiyo yenye M. Na kwenye herufi ya kwanza shusha MUHURI, basi neno limefungwa kila upande.

Jingine, watu wakiulizia DHAMANA kama DH ni chumba kimoja au viwili, sema mapema. Mimi nilikulia kwenye vyumba viwili. Kuna rafiki yangu anashikilia sauti moja chumba kimoja, na kwa hesabu yake DHAMANA ni herufi sita, mlinzi wako angekuwa nje tangu mwanzo.

Tatu, kwa nini tunabishania maneno yenye maana moja wakati Kiswahili kimejaa ya mamlaka yenye sura mbili? Haya ndiyo ya kutesa watu. DOLA: "Polisi ni chombo chake, Marekani wanainunulia mkate (4)". DIWANI: "Huwakilisha kata, pia hukusanya mashairi (6)". Na KATA yenyewe: "Ina diwani, pia huteka maji mtungini (4)". BARAZA: "La mawaziri, au la kukaa jioni kupiga soga (6)". SPIKA: "Ikikoroma redioni fundi huitwa, akisimama Bungeni wabunge huketi (5)". BALOZI: "Wa nchi, au wa nyumba kumi (6)". MHIMILI: "Hubeba paa, Bunge ni mmoja wao (7)".

Na Dodoma hamuwezi kukosa hii. KIGOGO: "Lugha ya wenyeji, au mtu mzito serikalini (6)".

Mpwani wa Nkuhungu

Hicho cha kigogo nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Karani Mstaafu

Kijana ameharibu kazi kwa uzuri. Mimi naongeza moja tu ya maofisini. KAIMU: "Anakalia kiti kisicho chake, kwa barua (5)". Na kama nafasi inabaki, MKUU: "Wa shule, wa wilaya, na kila mtu humu jukwaani (4)". Huko nje nilikuwa karani miaka yote, humu nimekuwa mkuu siku ya kwanza niliyojiunga.

Tairi la Spea

Wakuu, naona kesi yangu imegeuzwa semina. Nauliza kiungwana: mtu akisema "Rais amepewa utawala wa nchi" amekosea?

Wakili wa Kijiweni

Hajakosea, amepewa utawala na wapiga kura. Soma tena kidokezo: "na sheria".

Tairi la Spea

Na kura zinapigwa kwa mujibu wa nini?

Wakili wa Kijiweni

Kaka unafaa kuwa upande wetu. Hoja ni nzuri, supu bado hupati.

MamaSupu wa Mtumba

Jamani asanteni, mmenipa ya kutosha hadi mwezi ujao.

Nimeamua. Supu na chapati mbili ni za MAMLAKA, kwa kipimo cha Mzee Karani cha kubadilisha nafasi, nimekijaribu kwa wateja leo asubuhi na hakuna aliyeweza kusema "Utawala ya Mapato" bila kucheka. Mlinzi nampa chapati moja kavu kwa sababu ya ile hoja ya cheo, na kwa kuwa anakesha kwenye baridi. MASHAKA hana kitu, ila nimemwambia sentensi yake nitaitumia. UTAWALA atalipa chai yake, ambayo bado hajalipa.

Tairi la Spea

Huo ni ubabe. Herufi tano.

MamaSupu wa Mtumba

Ubabe ni kula na kuondoka. Nakusubiri kesho.

Mwalimu, ile ya hongo nimeisoma kwa sauti bandani wakati wa mchana. Kukawa kimya, kisha bwana mmoja akasema bibi yake wa Kilimatinde alikuwa akiwaita watu wa misafara "wadaiwa". Kila mtu akaanza kusimulia ya kwao na ugali ukapoa. MTEMI naiweka kama ulivyosema, na ndiyo itakayoshuka kwenye herufi ya tatu, kwa hiyo kijana wa UDOM na wewe mmekutana chumba kimoja. Ila mimi Mgogo nakuongezea: kwetu hatukusema mtemi "anatawala" mvua. Alikuwa anaidai kwa niaba yetu. Mvua isiponyesha, tulimdai yeye.

SIWA nimekubali. KIGOGO itakaa katikati ya karatasi. Kuhusu DH nimeandika juu kabisa kwa kalamu nyekundu: kila herufi chumba chake, hakuna rufaa. DIWANI nitaiacha kwanza, diwani wetu hula hapa na hajui kama anakusanya mashairi.

Mwaka wa Tatu UDOM

Mama mbona umetaja majibu yote humu? Si wateja wako wanasoma?

MamaSupu wa Mtumba

Wanasoma nusu, nilishasema. Lakini nimebadilisha mengine matano ambayo sijayataja.

Kaimu kwa Sasa

Shikamoo mama. Mimi huwa nasoma tu, leo nimelazimika kujiunga. Kile cha herufi tano, cha kiti kisicho chake, kuna watu ofisini kimewafikia kabla ya Ijumaa na wananitazama. Ninaomba, kama inawezekana, ukiweke wima pembeni, namba za mwishoni.

MamaSupu wa Mtumba

Marahaba mwanangu. Nimeshachora. Ni Mlalo 1.